Jina la Baba Mkwe Kwenye Orodha ya Mlima

Niboye, Kigali
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Aminieli,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshashuka mlimani, umeoga, na Mama ameshamaliza kukugombeza kwa kuingia sebuleni na buti za tope. Magoti yanasemaje? Na mkono wa Shemeji, umepona au bado anashika jembe kwa upande mmoja? Nimesikia kahawa imezaa vizuri mwaka huu. Niwekeeni ya kwangu, kwa maana watu wa huku wanalima kahawa nzuri sana, kisha wanakunywa chai ya maziwa.

Sisi tunaendelea. Baba Keza yuko na kazi zake za benki, anarudi amechoka lakini anarudi. Keza ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kupigwa picha mpaka yaote. Kiswahili chake ni cha Kigali: mama iko, chai iko, hata baridi iko. Akikupigia usimcheke, maana ana kumbukumbu ndefu kama ya shangazi yake.

Barua hii nampa jirani yetu anayekwenda Moshi kumwona dada yake. Ningekupigia, lakini ukiwa juu simu yako ni jiwe tu, na haya si mambo ya ujumbe wa mistari miwili. Ni kuhusu lile kundi langu la Kilimanjaro, na zaidi ni kuhusu mtu mmoja katika kundi hilo. Ndani ya bahasha utakuta orodha ya majina mnayoingoja ofisini kwenu. Kabla hujaisoma, nisikilize kwanza.

Unajua ofisi yetu ya Gisimenti kazi yake ni kupeleka wageni kuwaona sokwe. Wenyeji hawaji kwetu, labda kuuliza choo kiko wapi. Sasa mwaka huu baba mkwe wangu, Mzee Gaspari, akapanda zile ngazi zetu akiwa na wenzake wanane nyuma yake. Ni kundi lao la mazoezi. Kila Jumapili ambayo barabara hufungiwa magari asubuhi wanatembea kutoka Sonatubes mpaka mjini na kurudi, wastaafu watupu, na kofia zinazofanana. Akaketi mbele ya meza yangu kama mteja yeyote, akasema, "Mukazana, tunataka kupanda Kilimanjaro. Tupangie." Mukazana ndiyo mke wa mwana kwa Kinyarwanda. Hajawahi kuniita kwa jina langu, na mimi sijawahi kumjibu kwa kumtazama usoni muda mrefu.

Wewe ulimwona siku ya harusi tu, kwa hiyo humjui. Ana miaka sitini na minane. Alikulia ukimbizini, Karagwe, akasomea ualimu, akaja kufundisha hesabu pale Moshi miaka mitatu. Siku zote hizo mlima aliuona dirishani akisahihisha madaftari. Likizo moja ya Desemba walimu wenzake walipanga kwenda juu. Yeye karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kutoka wilayani bila kibali, na kibali hakikuja. Basi akawasindikiza mpaka kituo cha basi, akawabebea mizigo, akarudi kusimamia bweni. Hiyo hadithi ameisimulia kwenye kila sikukuu tangu niolewe, na kila mara anacheka. Ilinichukua miaka kugundua kwamba ndiyo hadithi pekee anayoimalizia kwa kunyanyuka na kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Kwa hiyo unaelewa jambo hili lilikuwa na uzito gani kwake. Na kwangu pia, sitaficha. Bosi wangu, mama aliyekulia Kampala na asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Hawa wakienda na wakirudi salama, safari zote za Kilimanjaro nakupa wewe." Nikapanga usiku na mchana, ile njia yetu ya Marangu, na wewe kiongozi wao. Nilijisikia mtu.

Kosa nililifanya kwenye fomu za afya. Niliziandika vizuri, kwa Kiswahili na Kinyarwanda: presha, moyo, kifua, sukari, macho, dawa unazotumia. Halafu nikawaita wote tisa ofisini siku moja, nikawapa chai na sambusa, nikagawa kalamu, nikawaambia jazeni. Mzee Gaspari ndiye mkubwa wao, akaanza. Akapita mstari hadi mstari akisema kwa sauti, "Nta kibazo. Nta kibazo." Hakuna shida, ndiyo maana yake. Akasaini, akachukua sambusa. Kaka, nani angebaki pale aandike kuwa ana pumu wakati mzee wa miaka sitini na minane mbele yake hana hata mafua? Nilipata fomu tisa safi kabisa. Nilizifurahia, nikazipiga muhuri.

Watu wa huku wana kitu wanakiita kwihagararaho, kujisimamia, mtu kutoonyesha maumivu yake mbele za watu. Ni tabia nzuri sana msibani na kwenye foleni ya hospitali. Mlimani ni balaa. Na mimi, binti wa nyumba ya waongozaji, niliyelelewa kwa habari za watu wanaoshushwa kwenye machela, nilipaswa kulijua hilo.

Mwezi uliopita nikawapeleka Karisimbi kwa majaribio. Ni volkano ya huku kaskazini, siku mbili, mita elfu nne na mia tano hivi. Tope lake ni la kuzamisha buti, na upupu umejaa njia nzima. Siku ya kwanza walikwenda vizuri, wakiimba nyimbo za kwaya. Jioni kabla jua halijazama tulifika kambini. Mwongozaji wa hifadhi, mwenyeji wa Musanze, akapita kwa kila mtu.

"Muzee, kichwa iko namna gani?"

"Nta kibazo."

"Umekura?"

"Nimekula, nimeshiba."

Hakula. Nilimwona kwa macho yangu akiinamisha bakuli la supu nyuma ya hema, akalifuta kwa nyasi, akalirudisha kwa mpishi na kumshukuru. Macho yetu yalikutana. Akanipungia mkono kama mtu anayeaga wageni. Nami nikageuka, nikaanza kuhesabu vigingi vya hema ambavyo havikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Asubuhi, kumekucha, nikamkuta akijaribu kuingiza mkono wa kulia kwenye glavu ya kushoto. Alijaribu mara tatu. Nikajiambia ni baridi. Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akishindwa na glavu yake mwenyewe, safari yake ya kupanda imekwisha. Nilijua. Nikapeleka chai upande mwingine.

Tulitembea kama saa moja hivi. Mwongozaji akasimama, akachora mstari kwenye tope kwa fimbo. "Muzee, tembea hapa juu. Mguu mbere ya mguu, kisigino iguse vidore."

Mzee akacheka. "Unadhani nimekunywa urwagwa?" Hiyo ni pombe yao ya ndizi.

"Tembea tu, Muzee."

Alipiga hatua tatu. Ya nne ikaenda kando, akaketi kwenye tope kama mtoto. Na unajua wenzake wanane walifanya nini? Waligeuka wote kwa pamoja wakaanza kutazama volkano ya upande wa Kongo, wakionyeshana kwa vidole na kuisifu, ili mkubwa wao asionekane ameanguka. Ilikuwa heshima ya kweli. Hatari ingezidi kidogo tu, ingekuwa heshima ya mazishi.

Mwongozaji hakuwa na mkwe pale. Akaamuru ashushwe mara moja. Nilishuka naye na wapagazi wawili, wenzake wakaendelea. Kila tulipoteremka alizidi kurudi mwenyewe, na tulipofika kwenye miti mikubwa akaomba chakula, akala viazi viwili vya kuchemsha na chumvi. Akasema bila kunitazama, "Habari hii haina haja ya kufika nyumbani."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Haya, nitukane sasa. Nilinyamaza kwenye supu, nikanyamaza kwenye glavu, na hapo nikaahidi kunyamaza kabisa. Nyumbani alimwambia mume wangu kwamba "tulikaribia kileleni", na mimi nilikuwa jikoni nikichambua maharage. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nilikuwa namsaidia kuyaficha.

Ndipo ofisi yenu ikaandika kwamba mnataka majina ya mwisho. Nikaiweka orodha mezani na kalamu juu yake. Nisipolipeleka jina lake, hata wale wanane huenda wasiende, maana hawatampita mkubwa wao. Safari inakufa, na bosi ananirudisha kwenye sokwe. Nikilipeleka, wewe ndiye utakayemshusha. Nilishindwa kula, nikueleze ukweli. Nilikuwa naogopa mlima kwa mara ya kwanza maishani, na nilikuwa mbali nao nchi nzima.

Nikamweleza bosi. Akasema bila kuinua macho, "Mwambie nafasi imejaa. Hifadhi imefunga orodha. Nani anagombana na hifadhi?" Nikamweleza mume wangu, akashika kichwa kwanza kwa kusikia yaliyotokea, kisha akaona neno la bosi ni zuri. "Mwandikie meseji," akasema.

"Wewe ndiye mwanawe. Mwambie wewe."

"Ndiyo maana siwezi."

Huyo ndiye shemeji yako, mtu wa kusimama mbele ya wakurugenzi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulizibua mtaro wa maji ya mvua hapa chini ya Niboye, Mzee Gaspari akija kwetu kusaidia kwa sababu mtaani kwao walimaliza mapema, yaani hatulii. Baada ya mkutano tulipandisha kilima pamoja, yeye na jembe begani, mimi na beleshi. Nilikuwa nimeipanga sentensi ya bosi tangu asubuhi, kila neno. Badala yake nikasema:

"Baba, jina lako sitalipeleka."

Akaendelea kutembea hatua kadhaa. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Nafasi zimejaa?"

Kaka, alikuwa ananifungulia mlango mwenyewe. Ningesema ndiyo, angesema aa, bahati mbaya, tungefika nyumbani tukanywa chai, na hakuna mtu ambaye angeaibika mpaka siku ya kufa. Ulimi wangu ulikuwa tayari.

"Hapana, Baba. Nafasi iko. Wewe ndiye huwezi."

Akasimama. Mwendesha moto mmoja, ndiyo bodaboda ya huku, akapita, akapiga honi akidhani tunamhitaji. Mzee akateremsha jembe, akalisimamisha mbele yake, akaweka mikono yote miwili juu ya mpini.

"Uliniona nikimwaga supu."

"Nilikuona."

"Na asubuhi?"

"Niliiona na glavu."

"Ukanyamaza. Wewe, mtoto wa kule kule mlimani."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni baba mkwe wangu."

Akanitazama, na safari hii sikuinamisha macho. Akasema, "Basi tulitaka kuniua kwa heshima, mimi na wewe." Akachukua jembe lake na kwenda zake, tena kwa njia isiyopita kwetu.

Usidhani mambo yaliisha hapo kwa amani. Jumapili hakuja kula. Keza alimpigia simu, hakupokea, na hajawahi kutopokea simu ya Keza. Mume wangu akawa anatembea ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hakunilaumu kwa mdomo, lakini aliosha vyombo siku mbili mfululizo bila kuombwa, na hilo kwake ni dalili mbaya. Mimi nililia kwenye choo cha ofisi, nikanawa, nikaendelea na kazi. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nilijisemea, ila nusu yenyewe ilikuwa imenielemea vya kutosha.

Jumatano akapanda ngazi za ofisi, amevaa koti na ile kofia yake. Hakuketi. Akasema, "Nipe fomu." Nikampa. Akaenda nayo kwenye ile meza ya pembeni, akanipa mgongo kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu, na akaandika muda mrefu. Ana mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama. Presha, miaka sita. Dawa, siku za mazoezi hazimezi kwa sababu zinampeleka haja kila mara na njiani anaona aibu kuomba wenzake wasimame. Jicho la kushoto halioni vizuri. Karisimbi, usiku kucha kichwa kilimuuma, na asubuhi aliona fimbo ya mwongozaji ni mbili. Mume wangu hakujua hata moja katika hayo. Chini kabisa, mahali pa mengineyo, aliandika: "Fomu ya kwanza nilidanganya. Wengine walinifuata mimi."

Kisha akaniomba fomu nyingine nane tupu na bahasha nane. "Uliwapa mtihani wa kukaa meza moja," akasema. "Ulitegemea nini? Wote walinakili kwangu." Siku hiyo na kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba, Kicukiro yote mpaka Remera, akimkabidhi kila mmoja yake mkononi, na kumwambia ajaze peke yake na afunge mwenyewe. Sijui aliwaambia nini kuhusu yeye mwenyewe. Ninachojua ni kwamba bahasha zote nane zimerudi, na hakuna hata moja iliyorudi safi. Mmoja ana pumu. Mmoja alipasuliwa moyo ughaibuni na mkewe tu ndiye aliyejua; huyo amejitoa, na ameshukuru. Mwingine ana hofu ya kulala mahali pafinyu, naye namwombea kitanda karibu na mlango.

Kwa hiyo kwenye orodha utaona majina saba ya kwenda kileleni, na mbele ya kila jina kuna ukweli wake kwa kalamu nyekundu. Daktari amewaona wote saba. Naomba utuwekee usiku wa pili pale Horombo, hata bosi amekubali, na mwendo wako wa konokono uuanze tangu getini. Mpumzishe yule wa pumu. Dawa yake iwe mfukoni mwake, isiwe kwenye mzigo wa mpagazi.

Jina la nane utaliona chini, nimelipigia mstari. Daktari amembadilishia dawa, ameanza kuzimeza kila siku, na amesema Mandara anaweza kufika akienda taratibu, alale usiku mmoja, ashuke. Zaidi ya hapo hapana. Nilipomweleza, aliuliza Mandara ni umbali gani. Nikamwambia ni kituo cha kwanza, ndani ya msitu, hata kilele hukioni vizuri kutoka pale. Akasema, "Lakini ni ndani ya geti?" Nikamwambia ni ndani ya geti, Baba. Akasema basi inatosha, kisha akaenda dirishani na kukaa huko kidogo, akitazama magari.

Wenzake wakiwa juu atakaa nyumbani kwetu. Mwambie Mama ampikie mtori lakini apunguze chumvi, na asimwachie afanye kazi shambani hata akijifanya anajinyoosha tu. Msalimie Mama sana, na Shemeji, na mama mdogo anayeuza ndizi pale njia panda, na babu mlezi wangu wa ubatizo kama masikio yake bado yanapokea salamu. Baba Keza anakuamkia. Keza anauliza kama mlimani kuna sokwe. Mwambie hakuna, asije akaja.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Siku ile mtakapofika Mandara, mwulize anajisikiaje. Atakujibu nta kibazo, hakuna shida, kwa sababu amejibu hivyo miaka sitini na minane, na kwa mtu aliyeishi bila karatasi shida ilikuwa kitu cha kuficha. Usilichukue jibu hilo, na usimkosoe. Keti naye kwenye ngazi za kibanda, mnywe chai mpaka iishe. Halafu mwulize tena, na umsubiri.

Mdogo wako akupendaye,
Ndeshi